Ubao wa Siku Bila Ajali

Langoni mwa kiwanda chetu cha madebe kuna ubao: SIKU BILA AJALI. Kabla ya chama cha wafanyakazi ulikuwa umefika mia nne na kumi na mbili. Uongo mtupu. Aliyekatwa na bati alifungwa kitambaa, akapitishwa mlango wa nyuma, akaambiwa aseme kaumia kwake. Na sisi, kwa kila siku mia, tulipewa fulana, tukapiga makofi.

Chama kilipoingia nikachaguliwa katibu. Nikaandika kila jeraha kwenye daftari, hata mchubuko. Kwa daftari hilo tukambana meneja mpaka mashine tatu zikawekewa kinga ya chuma. Ya nne, ya wifi yangu, mke wa kaka, ilikuwa inasubiri fundi. Ubao nao haukuvuka siku sita.

Meneja, mtu wa tabasamu la kukodi, akatuita bwaloni.

"Ndugu zangu, mwaka jana ajali sifuri. Mwaka huu chama kimekuja, ajali thelathini na moja. Nani kaleta nuksi hapa?"

Wote wakanigeukia. "Mlikuwa mnaumia vilevile," nikasema, "ila hamkuandikwa!" Nilikuwa napigia mbuzi gitaa.

"Na wewe wifi umezidi," wifi akaninong'oneza. "Kila kijeraha unaandika. Fulana zenyewe tumezisahau."

"Kinga huitaki?"

"Naitaka. Lakini si kwa kelele hizi."

Ikapigwa kura ya kunyoosha mikono, chama kibaki au kiondoke. Wa kubaki tulikuwa tisa. Wifi alinyoosha mkono wa kulia kukiondoa, na aliunyoosha juu kabisa. Daftari likachukuliwa. Fundi wa kinga hakuonekana tena.

Ubao ulipofika tisini na nane, mashine ya nne ilimkata wifi vidole vitatu vya mkono uleule. Msimamizi alikuja na kitambaa, si machela.

"Mpitishe nyuma, dada. Zimebaki siku mbili tu."

Wenzetu walikuwa wameshatupisha njia. Hakuna aliyetutazama usoni.

"Niandike, wifi," alisema, meno yakigongana. "Niandike."

Bado nilikuwa na hasira naye, Mungu anisamehe. Na sikuwa na pa kumwandika. Nilimfunga kitambaa, nikampitisha mlango wa nyuma.

Siku ya mia tulipewa fulana. Yake nilikabidhiwa mimi, nimpelekee. Ilikuwa saizi yake.