Wasifu Uliobaki Kwenye Chogo

Saa mbili asubuhi, siku ya kumzika Mzee Yeremia, laptopu mpya aliyoniletea mwanangu Peniel iliniambia nisiizime. Ilikuwa inajisasisha. Asilimia kumi na mbili. Sikuwa nimeiomba ijisasishe, nilikuwa nimebonyeza kitufe cha kuwashia tu kama nilivyoelekezwa. Nikakaa mbele yake nimekunja mikono, natazama kile kiduara kinavyozunguka, na nikatamani kuitupa barabarani malori yaikanyage.

Mimi ni Dorkas, hapa Ulemo wananiita Mama Peniel. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi, huu mwaka wa kumi na sita. Nachapa barua za maombi ya kazi, mihtasari ya vikao, kadi za mialiko, na zaidi ya vyote nachapa wasifu wa marehemu. Huku kwetu mtu haingii kaburini bila kusomewa wasifu: alizaliwa lini, alisoma wapi, alioa nani, ameacha watoto wangapi. Halafu watoto wanaitwa kutupa udongo na kuweka mashada kwa kufuata majina yaliyosomwa. Asiyesomwa haitwi, anabaki kule nyuma kwenye masufuria.

Ndiyo maana wazee wengine hawasubiri kuandikiwa na watoto wao. Wanakuja wakiwa hai, wanafunga mlango wa kibanda, wananisimulia, mimi nachapa. Mzee akiridhika anatia saini na dole gumba, naipitisha karatasi kwenye skana, kisha tunaichoma pale pale kwenye jiko la mkaa, kwa sababu karatasi ikifika nyumbani lazima atatokea mtu wa kuichokonoa. Inabaki picha yake tu kwenye kompyuta, ndani ya folda niliyoiita Walio Hai, yenye paswedi ninayoijua mimi peke yangu.

Mzee Yeremia alikuja miaka minne iliyopita, mkewe akiwa bado mzima.

"Andika watoto saba," aliniambia.

"Baba, mimi nawajua sita."

"Andika saba. Wa kwanza ni Anastasia, yuko Issuna. Nilimzaa kabla sijaoa, nikamkana mbele ya wazee. Mama yao akisikia leo nyumba haitakalika. Litasemwa siku hiyo, mimi nikiwa nimelala."

Alipotia saini mkono ulimtetemeka, dole gumba likakaa upande, nusu yake nje ya mstari. Nilimwuliza kama turudie. Akakataa.

Yote hayo yalikuwa kwenye kompyuta yangu ya zamani, ile ya chogo, yenye kisogo kirefu mpaka meza inajaa. Ilikuwa na tabia zake. Betri yake ya saa ilikufa zamani, kwa hiyo kila ukiiwasha inaamini ni mwaka 2003, na inakusubiri ubonyeze F1 ndipo iendelee. Ukishabonyeza unaweka chai jikoni. Chai ikichemka na yenyewe iko tayari. Lakini haijawahi kuniambia nisiizime.

Sasa Peniel anafanya kazi Dodoma, kwenye duka linalouza kompyuta. Kila akija likizo lazima anisomee shtaka. Mama, hii imepitwa. Mama, waliotengeneza wameshaiacha. Mama, wenzako wote wameapdeti, unanitia aibu. Nikimwuliza ni herufi gani imekataa kuchapa, anacheka na kuangalia simu yake, ambayo nayo hubadilisha kila mwaka bila sababu ninayoijua.

Wiki tatu kabla ya msiba, Peniel akiwa likizo, nilikwenda Kiomboi kwa siku mbili kutibiwa macho. Niliporudi nikakuta mezani kuna laptopu nyembamba na printa isiyo na waya. Chini ya meza kulikuwa na mabeseni mawili mekundu ya plastiki. Mwanangu alikuwa amempa Mselemu, mnunuzi wa skrepa wa Misigiri, kompyuta yangu nzima na printa yake, akapewa mabeseni.

"Nimehamisha vyote, Mama," alisema. Na mimi, mjinga, nikaamini. Sikukagua, maana ile folda huwa siifungui mpaka afe mtu.

Basi siku ya maziko Peniel alikuwa amekuja kuzika. Alinikuta nimeikodolea macho laptopu yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Folda ya Walio Hai uliiweka wapi?"

"Folda gani?"

"Yenye paswedi."

Akajikuna kichwa. "Ile ilikataa kuhama. Ilidai paswedi. Nikajua ni mambo ya zamani tu."

Niliuma khanga nikahesabu mpaka kumi, ikashindikana, nikamgombeza. Nilimwambia mambo ya zamani ni yeye, nilimzaa zamani, na hakuna aliyempeleka kwenye skrepa. Kisha nikamwacha na asilimia zake, nikaenda msibani.

Amosi, mtoto mkubwa wa marehemu, yaani mkubwa kwa wanaojulikana, alikuwa ameshika karatasi aliyoiandika kwa kalamu. Watoto sita. Nikamvuta pembeni, nikamweleza kwamba baba yake aliacha wasifu wake mwenyewe kwangu, na kwamba alisema saba. Uso ukambadilika. Sidhani kama lilikuwa jambo geni kwake.

"Mama Peniel, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini maneno ya mdomoni siwezi kuyasoma mbele ya kaburi. Lete yenye saini ya baba. Usipoleta, saa nane tunasoma hii."

Siwezi kumlaumu. Hata mimi nisingesoma maneno ya mwanamke wa kibandani.

Anastasia nilimkuta jikoni. Nilimjua kabla hajataja jina, ana paji la uso la mzee. Alikuwa amefika jana yake kutoka Issuna, amewaambia watu kuwa ni ndugu wa mbali, amepewa kisu na kabichi. Kabichi zenyewe alikuwa anazikatia kwenye beseni langu jekundu, moja nililokuwa nimeliazimisha msibani.

"Sijaja kudai kitu, dada," aliniambia kwa sauti ndogo nilipomsalimia. "Alinipigia simu kabla hajazidiwa. Akasema njoo, siku hiyo utaitwa. Ndiyo nimekuja."

Mama huyu ana miaka hamsini na kitu na wajukuu, na alikuwa amesafiri umbali wote huo kwa ajili ya kuitwa jina. Roho iliniuma mpaka nikaona aibu kumtazama.

Nikarudi kibandani mbio. Nikachukua beseni lililobaki, nikamwita Peniel, tukapanda bodaboda moja mpaka Misigiri, beseni nimelikumbatia kifuani.

Mselemu alikuwa kwenye uwanja wake katikati ya mabati na fremu za baiskeli. Namshukuru Mungu kwamba ni mtu wa tamaa. Printa yangu alikuwa ameshaivunja, ila monita bado, kwa sababu kwa wiki tatu alikuwa anajaribu kuiuza kama televisheni.

"Kila mteja ananiuliza antena inachomekwa wapi," alilalamika. Sipiyu nayo ilikuwa chini ya mizani yake, ameigeuza kigoda.

"Nimekuja kurudisha mabeseni," nikasema.

"Naona moja."

"La pili lina kabichi za msiba wa Mzee Yeremia."

Akalitazama lile beseni, akamtazama Peniel, akapiga mluzi kuita guta la mizigo. "Basi la pili utaleta mkishazika. Na huyu mwanao mwambie asinipe tena vitu vya wenyewe."

Tulirudi Ulemo na guta saa saba na nusu. Laptopu ilikuwa imefika asilimia sitini na nne. Peniel akajaribu kuunganisha sipiyu na ile printa isiyo na waya, akachomeka hiki, akachomoa kile, jasho linamtoka. Printa haikuitambua kabisa kompyuta yangu. Ilitaka izungumze na laptopu, na laptopu ilikuwa bado inatuomba uvumilivu.

"Tuipeleke hivyo hivyo," nikasema.

"Wapi?"

"Kaburini. Pakia."

Watu walikuwa wameshakaa kwenye viti chini ya turubai, jeneza liko mbele, na Mwinjilisti Chediel ameshafungua kitabu. Tukaingia na guta. Watu wote wakageuka kututazama. Nikaweka monita kwenye meza iliyokuwa na mashada, Peniel akavuta waya mrefu wa umeme kutoka ndani ya nyumba, akaja akiwa ameinamisha kichwa.

"Hii ni nini tena?" Amosi akauliza.

"Ulitaka saini ya baba yako. Imo humu. Subiri."

Nikawasha. Haikuitika. Nikaipiga kofi ubavuni, pale pale ninapopigaga siku zote, ikakohoa na kuanza kunguruma. Ikatangaza kwamba ni mwaka 2003. Nikabonyeza F1. Halafu tukangoja, msiba mzima, na kwaya ikaona aibu ya ukimya ikaimba ubeti mmoja, na wa pili, na wa tatu. Mimi nilikuwa naomba moyoni, tena kwa hasira. Nilimwambia Mungu kwamba kama diski imekufa kwa ajili ya mizani ya Mselemu, mimi na yeye tutakuwa na mazungumzo.

Iliwaka. Nikaandika paswedi, folda ikafunguka, yakatokea majina ishirini. Nyuma yangu wazee wawili watatu wakasimama ghafla.

"Fungua la Yeremia tu," alisema Mzee Calist, mmoja wao, na sauti yake haikuwa ya mzaha.

Nikalifungua. Karatasi ikajaa kwenye kioo, rangi yake imefifia kidogo, na chini kabisa ile saini ya kutetemeka na dole gumba lililokaa upande. Amosi akaja, akainama, pua yake karibu iguse kioo. Mimi nilijiandaa kwa ugomvi, nilikuwa na maneno yangu tayari. Akainuka, macho mekundu, akaikunja karatasi yake akaitia mfukoni.

"Mwinjilisti," akasema, "soma hiyo."

Mwinjilisti Chediel akavaa miwani, akasoma akiwa ameinama kwenye kompyuta yangu. Kuzaliwa, shule, jeshi la kujenga taifa, ndoa. Kisha akafika kwenye watoto, akasita, akaendelea kwa sauti ile ile.

"Nimeacha watoto saba. Wa kwanza ni Anastasia, niliyemkana mbele ya wazee. Leo namkiri mbele yenu wote. Atangulie yeye kutupa udongo."

Alitoka kule jikoni, mikono ina maji ya kabichi, anaifuta kwenye khanga na haikauki. Watu walimpisha. Amosi mwenyewe ndiye aliyemshika kiwiko kumvusha kwenye lile rundo la udongo. Akachota kwa mkono, akatupa, akasimama hapo akiwa hajui aende wapi, mpaka Amosi akamwonyesha nafasi ya kwanza kwenye mstari.

Baada ya kuweka mashada, watu walikwenda kula. Laptopu ilikuwa imemaliza, Peniel aliniambia, sasa inataka kujizima na kujiwasha upya. Nikamwambia ifanye inavyopenda, isinihusishe. Akainama ili aizime ile ya chogo tuipakie kwenye guta.

"Usizime kwanza," Anastasia akasema nyuma yetu.

Alikuwa amerudi peke yake. Akaweka kidole kwenye kioo, chini ya jina lake, akawa analisoma polepole, herufi kwa herufi. Peniel akaondoa mkono kwenye kitufe. Nikamvutia dada kiti.