Ng'ombe wa Sura ya Nne

Profesa Sebarenzi alikuwa na kiburi kimoja tu: katika vitabu vyake vitano vya historia ya Masisi na Walikale, mashariki ya Kongo, hamkuwa na hata mstari mmoja wa uongo. Kila habari aliifuata kwa miguu, daftari kwapani, kilima hadi kilima.

Asubuhi ya kuzindua kitabu cha sita, nje ya ukumbi wa parokia ya Masisi, alimkabidhi Mama Thacienne, mfugaji wa hapo, nakala ya kwanza. Jaladani alichorwa Bihogo, ng'ombe wa kwanza kuvuka msitu hadi Itebero, huko Walikale, akiswagwa na nyanya wa Mama Thacienne. Habari hiyo aliitoa Mama Thacienne mwenyewe, na redio ya hapo ilikuwa imeisoma wiki nzima. Mama aliitazama picha, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Papa Profesa, ile siku ulikuya kwangu, maziwa ilikuwa imeisha. Mugeni anaweza kwenda mikono mitupu? Njo maana nikakupa ile hadisi."

"Bihogo hakuwapo?"

"Hata mukia yake haikukuwa."

Maskini profesa wa watu! Kurasa arobaini, na ramani juu! Akinyamaza, nani atajua? Atajua yeye, na hiyo ndiyo shida ya watu wa namna yake. Aliona aibu hadi masikio yakamwaka moto.

Basi ukumbi ulipojaa alisimama, akaungama yote: ng'ombe huyo hajawahi kuwapo, sura ya nne ichanwe.

Kisha akainuka Damien, mkulima aliyetembea siku mbili kutoka Itebero kuja kusikiliza sifa za kwao.

"Profesa, usitudanganye. Babu yangu alikula ile ngombe."

"Na wangu!" mwingine akadakia kutoka nyuma. "Alipewa mbavu!"

Ukumbi ukachafuka. Huyu anadai kwato, yule anaapa kwamba kwao walionja mchuzi tu. Profesa aliinua mikono, akasihi. Miaka thelathini walimwamini kwa kila neno, na leo aliposema ukweli mtupu wakamwona mwongo.

Akamgeukia Mama Thacienne amwokoe. Mama alikuwa amekwisha kusimama, mikono kiunoni, anatetemeka kwa hasira.

"Kumbe ni nyinyi njo mulikula Bihogo yetu!"