Wageni Waliolala Garini

Picha ilipigwa kutokea ndani ya gari, pazia likiwa limefunuliwa kidogo tu, kama mtu anavyomchungulia mdai. Nje kuna ukungu na mvua. Mwanamke amesogeza uso kwenye kioo, kiganja cha kulia amekiweka juu ya nyusi ili aone ndani. Mkono wa kushoto hauonekani, picha haikufika chini. Mabega yake yako wazi, yamelowa, kanga hana. Chini ya picha palikuwa na nyota moja kati ya tano, na maneno haya: "Gari zuri, ila mwenye gari ana ombaomba wake. Walituzingira jioni, wakarudi asubuhi. Hatukupata amani. Msikodi."

Bakari aliyasoma akiwa amechuchumaa barazani kwao, Magamba, mswaki mdomoni. Akasahau kusugua, povu likamchuruzika hadi kidevuni. Huyo ombaomba alikuwa shangazi yake Hamida, dada wa baba yake, tumbo moja.

Ungedhani hasira ilimwendea moja kwa moja aliyeandika, bwana mmoja wa Dar es Salaam aitwaye Martin. Wapi. Ilianza safari kuelekea kwa Martin, njiani ikakata kona, ikaenda kumkalia shangazi. Alitaka nini pale? Nani alimtuma? Watu wamelipia gari lao, wamejifungia ndani, yeye anawagongea kioo kama askari wa barabarani.

Maana gari lile, kwa Bakari, ndilo lililokuwa limebaki. Lilikuwa Hiace kuukuu iliyopakia abiria wa Lushoto na Mlalo miaka kumi na moja, mpaka magari mapya yalipoisukuma pembeni ikaishia chini ya migomba, kuku wakitagia kwenye siti ya dereva. Bakari naye alikuwa amemaliza kidato cha sita. Alizunguka na vyeti ndani ya bahasha ya kaki, Lushoto, Mombo, mpaka Tanga mjini, bahasha ikachakaa kona zote nne, na kila ofisi ilimjibu kwamba itampigia. Simu yake ikazoea kunyamaza. Ndipo alipougundua mtandao wa Lala Njiani, ambako mwenye gari la kulala anaweka picha zake, na anayetaka kulala milimani analikodi kwake moja kwa moja bila dalali. Alimsumbua baba yake, Mzee Kassimu, seremala, miezi miwili mizima. Wakang'oa siti. Wakatengeneza kitanda cha mbao za saiprasi, kabati la vyombo, meza ya kukunja. Gari likawa linanukia mbao mbichi. Siku nyingine Bakari aliingia, akavuta mlango, akakaa tu. Tangu atoke shule huo ulikuwa mlango wa kwanza ambao ufunguo wake ulikuwa mfukoni mwake.

Tangazo aliliandika mwenyewe. Alipitia ya wenzake wa Arusha na Iringa, akaona wote wanauza kitu kimoja: upweke. Naye akaandika, "Amka ndani ya ukungu wa Usambara. Hakuna nyumba, hakuna mtu, hakuna wa kukusumbua." Picha alikwenda kuzipiga Mlalo, kwenye kona iliyo chini ya shamba la shangazi, kwa sababu pale bonde linafunguka vizuri. Tatizo lilikuwa nyumba. Mlalo nyumba zimebanana, moja imeegemea bega la nyingine. Ilimbidi alale kifudifudi kwenye majani, simu ikitazama juu, ndipo zote zilipopotea kwenye picha.

Sasa tangazo limefungiwa. Ujumbe ulisema litarudi akikubali maelezo haya kabla ya saa kumi na mbili jioni ya leo: "Nakiri kwamba watu ninaowafahamu waliwasumbua wageni wangu kwa kuombaomba. Nitahakikisha hawalikaribii gari tena." Chini yake palikuwa na kitufe cha kijani, Nakubali. Bakari alikitafuta cha Sikubali, akapandisha ukurasa, akaushusha. Hakikuwepo. Na Jumamosi kulikuwa na familia ya Arusha, bwana Valentino na watoto wake, waliokwisha kulichukua gari kwa siku tano. Asipobonyeza, watapewa la mtu mwingine, na la kwake litafutwa kabisa.

"Bonyeza," alisema Mzee Kassimu, bila kuinua uso kwenye ubao aliokuwa anaupiga randa.

"Baba, wanasema shangazi ni ombaomba."

"Nimesikia. Hamida hashindi kwenye simu. Bonyeza, gari lifanye kazi, kisha nenda Mlalo ukamwambie asilisogelee tena. Mwambie kwa adabu."

"Nimwambie nini hasa?"

"Wewe ndiye uliyesoma. Sikutoa mbao zangu ili ubishane na simu."

Randa ikaendelea kwenda na kurudi. Ubao wenyewe ulikuwa umeshanyooka zamani.

Alasiri Bakari aliwasha Hiace akashika njia ya Lukozi. Kila kona, chini ya kitanda, kitu kiligonga: ngwa, halafu ngwa. Ilikuwa sufuria. Aliikuta humo siku Martin na mkewe waliporudisha gari, imesukumwa nyuma kabisa, imekwanguliwa mpaka inang'aa. Alimwandikia Martin kwamba wamesahau sufuria yao. Martin alijibu kwa maneno mawili: "Si yetu." Bakari akaiacha hapohapo, asijue ya nani, na leo ilimsindikiza mpaka Mlalo kama abiria anayelalamikia mwendo. Njia nzima alipanga maneno. Shangazi, gari ni biashara. Shangazi, siku hizi mambo yamebadilika. Kila alipofika mwisho wa sentensi, sufuria ilijibu.

Alimkuta Hamida uani, ameketi kwenye kigoda, anaosha karoti za sokoni.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona umekonda? Kassimu anakulisha vumbi la mbao?" Akamsogezea kigoda kingine kwa mguu. "Wale wageni wenu wazima?"

"Wazima."

"Alhamdulillahi. Nilijua mmoja ni mgonjwa. Watu wazima hawajifungii mchana kweupe."

Bakari akafungua mdomo atoe yale aliyoyapanga, lakini Hamida alikuwa ameshaanza kusimulia, karoti mkononi.

"Nimetoka shambani naona gari la kaka yangu limesimama pale kwenye kona. Mvua inanyesha, mapazia yamefungwa, watu wamo. Nikasema hawa ni wageni wa Kassimu, hawaijui nyumba yangu, wanaona haya kuuliza. Sasa walale barabarani kama gunia la kabichi lililoachwa na lori, na mimi nina kitanda? Nikapeleka makande. Nikagonga. Kimya. Nikasema labda wananiogopa kwa kuwa niko peke yangu. Nikamwita Zainabu wa hapo chini na mkwe wake, tukienda wengi wataona kwamba sisi ni watu wema."

Bakari alijikuta ameshika kichwa. "Shangazi, wale walikodi gari ili walale humohumo."

"Hawana kwao?"

"Wanako. Nyumba kubwa tu, Dar."

"Mtu ana nyumba kubwa, anamlipa mwenzake pesa ili akalale barabarani."

"Ndiyo."

"Na wewe ulisoma miaka kumi na mitatu ili uwapangie barabara." Alicheka kidogo, si kwa ubaya, kisha akakumbuka jambo. "Sufuria yangu je, hukuja nayo? Niliwaachia makande hapo mlangoni. Asubuhi nilipopeleka uji sikuiona. Nikafurahi, nikajua wamekula."

Bakari aligeukia upande alikoliacha gari. "Ina alama gani?"

"Vidoa viwili vya rangi ya kucha, nyekundu, karibu na ukingo. Zangu zote ziko hivyo. Ukienda kupika shughulini bila alama unarudi na sufuria ya mwenye bahati mbaya."

Aliteremka mpaka kwenye gari, akaingiza mkono chini ya kitanda, akaivuta. Vidoa vilikuwepo, viwili, karibu na ukingo. Basi walikula. Waliingoja ile miguu iondoke, wakafungua mlango, wakala makande ya moto mpaka wakakwangua ukoko, wakaificha sufuria, kisha mtu akakaa Dar es Salaam kwenye kiti chake akaandika ombaomba. Sasa hasira ilikuwa imefika nyumba iliyostahili, na ilikuwa nzito kuliko asubuhi.

Alipomkabidhi shangazi, Hamida aliinamisha sufuria akatazama ndani. Haikuwa na kitu. Kwao chombo cha mtu hurudishwa na chochote ndani, hata kama ni ndimu mbili, hata chumvi ya kufunga kwenye karatasi. Akaifunika juu ya jiwe, kwenye jua dogo lililokuwepo.

"Nipe hiyo simu unayoishika kama kaa la moto," alisema.

"Hakuna kitu, shangazi."

"Basi nipe nikione hicho kisicho kitu."

Akasoma polepole, midomo ikicheza, kama alivyozoea kusoma barua. Alipofika kwenye lile neno alisimama, akalirudia kwa sauti ndogo, akaendelea hadi mwisho, mpaka kwenye kitufe cha kijani. Kisha akarudi juu kuitazama picha, akaitazama sana.

"Wamenipiga mabega wazi," alisema. "Watu wangapi wanaiona?"

"Yeyote anayefungua."

Akamrudishia simu, akachukua karoti, akaanza kuisugua ile aliyokuwa ameshaimaliza. "Na wewe ulikuja kuniambia nini?"

Maneno yote aliyoyapanga tangu Lukozi yalikuwepo, yamejipanga mstari. "Nimekuja kurudisha sufuria," alisema Bakari.

"Tupu," alisema Hamida.

Aliondoka uani bila kuaga vizuri. Pale kwenye kona, alipoliegesha gari, ndipo mtandao unaposhika; akaingia garini, akampigia Martin.

"Ile sufuria mlisema si yenu."

"Nani mwenzangu? Aa, wewe kijana wa gari. Si yetu, nilikwambia."

"Ilikuwa na makande."

Upande wa pili televisheni ikasikika kwa mbali. "Tuliikuta mlangoni. Tukadhani ni huduma ya gari."

"Huduma imeachwa na ombaomba?"

"Sikiliza, mdogo wangu. Mke wangu aliogopa. Umelala mahali hupajui, mvua, unasikia wanawake watatu wanagonga, wanaongea Kisambaa. Ungefanyaje?"

"Ningefungua."

"Wewe ni kwenu. Na tusilaumiane, wewe mwenyewe uliandika hakuna nyumba, hakuna mtu. Tumefika, nyumba kama hamsini. Nani aliyemdanganya mwenzake?"

Bakari aliyavuta mapazia ya gari, moja baada ya jingine, mpaka nyumba zikapotea.

"Mimi sina kinyongo," Martin aliendelea, sauti imelainika. "Wenye mtandao wameniandikia kwamba wanakutaka ukiri; bonyeza, mambo yaishe. Gari zuri, tutakuja tena."

"Futa picha."

"Nitaangalia."

Simu ikakatwa. Bakari alibaki ameketi kwenye kitanda cha saiprasi. Hana kinyongo. Mtu amekula chakula cha mwanamke, amempiga picha mabega wazi, amemwanika kwa nchi nzima, halafu yeye ndiye anayesamehe. Bakari aliupiga ubao wa kitanda kwa ngumi mpaka kiwiko kikafa ganzi. Lakini kilichomuuma zaidi ni kwamba katika yote aliyoyasema yule bwana, moja lilikuwa kweli. Alilifungua tangazo lake akazitazama picha zake nzuri, ukungu, kilele, gari jeupe, anga. Alikumbuka ubaridi wa majani tumboni siku ile alipolala chini, akisogeza simu nukta kwa nukta mpaka paa la mwisho lilipotoka. Paa lenyewe lilikuwa la shangazi. Alikuwa ametoka kunywa chai chini yake nusu saa kabla.

Mvua ikaanza, ile nyembamba ya Mlalo. Ilikuwa saa kumi na mbili kasorobo. Bakari akafuta sentensi ya hakuna nyumba, hakuna mtu, akaandika upya: "Ukisimama kwenye kona hii utagongewa mlango. Fungua." Kisha akawajibu wenye mtandao: "Yule si ombaomba, ni shangazi yangu. Aliwapelekea wageni makande, wakala, wakaficha sufuria. Sikiri." Akatuma.

Jibu lilirudi palepale, kwa haraka ambayo hakuna binadamu angeiweza. "Jibu lako halijafuata utaratibu. Ili kuendelea, bonyeza Nakubali." Kitufe kilikuwa kilekile, kijani kilekile. Zilibaki dakika tisa. Bwana Valentino na watoto wake walikuwa bado wamo kwenye orodha, jina lao limezungushiwa duara. Aliiona bahasha ya kaki, kona zake nne. Alimwona baba yake anaupiga randa ubao ulionyooka. Kidole kilikuwa juu ya kioo cha simu, hakigusi.

Nje akasikia ndala kwenye tope. Zikasimama. Pakapita muda, kisha mlango ukagongwa mara moja, taratibu.

Akafunua pazia kidogo. Alikuwa palepale, katika kioo kilekile, kiganja juu ya nyusi, uso umesogea, mabega wazi yanalowa. Bakari aliiweka simu kitandani, ikateleza ikaingia kati ya godoro na ubao. Akavuta mlango wote.

Hamida alikuwa ameibana sufuria kifuani kwa mkono wa kushoto. Kanga alikuwa ameivua, ameizungushia sufuria mara mbili mpaka juu ya mfuniko, mvua isiingie.

"Nimeona umefunga mapazia," alisema. "Nikajua na wewe umeshakuwa mgeni."

Bakari alisogea akampisha nafasi kitandani. Saa kumi na mbili kamili, chini ya godoro, simu ilitoa mlio mmoja, kisha ikatulia.