Kiti cha Langoni

Mwenyekiti wetu alikuwa na malori mawili na tai tatu za shingoni, na tai ndizo alizozitunza. Tulimchagua kwa sababu ya sauti. Sauti ile ungeisikia ukadhani nyuma yake kuna mtu. Tulikuwa wenye malori kama ishirini hivi, wengi wetu lori moja moja na lenyewe limechoka, na wote tulikula kutokana na kiwanda kimoja cha unga. Kiwanda kinasaga, sisi tunapakia, tunapeleka miji ya mbali, tunarudi. Maisha yetu yalikuwa hayo.

Mwaka ule soko likaingia wazimu. Mafuta yanapanda leo, kesho yanashuka kidogo ili yatudanganye, keshokutwa hayashikiki. Ukiuliza bei ya tairi asubuhi, ukirudi jioni kununua muuzaji anakutazama kama umemtukania mamaye. Na kiwanda, badala ya kutuongeza, kikatupunguzia. Meneja hakuja hata kutuambia usoni. Alimtuma dalali wake, mtu mmoja wa kucheka cheka hovyo, aje aseme kwamba hali ya soko haitabiriki, kwa hiyo tuvumiliane. Tuvumiliane na nani? Yeye alikuwa anavumilia kwenye kiyoyozi.

Sisi nyumbani tulikuwa na lori moja, mimi na mume wangu. Nililirithi kwa baba yangu, na kwa umri wake tukaliita Bibi. Kwa bei ile mpya Bibi alikuwa akienda amejaa na kurudi mtupu, anakunywa mafuta kuliko anachochuma. Tungeendelea hivyo, angeuzwa chuma chakavu kabla ya mwaka kwisha, na mimi na mume wangu tungebaki tunatazamana. Hilo halikuhitaji msomi wa kutufafanulia.

Tukakaa kikao kwenye mkahawa unaotazamana na lango la kiwanda. Mwenyekiti alimwaga maneno mpaka chai ikapoa. Wanaume wazima wakanyoosha mikono na kula yamini mbele ya Mungu kwamba hakuna atakayebeba hata gunia mpaka bei irudi. Mimi nikasema yamini peke yake haitoshi, nawajua. Nikapendekeza atakayekamatwa amebeba apakuliwe hadharani, ashushe magunia kwa mikono yake mwenyewe huku wenzake wanatazama. Wakapiga makofi. Nilipouliza nani atakaa langoni kulinda, wote wakaanza kukagua viatu vyao. Kila mmoja alijijua kwamba hafai. Mwishowe Mwenyekiti akasema, shemeji, wewe una macho. Akanikabidhi filimbi kwa mikono miwili, kama ananivisha nishani.

Basi nikachukua kiti nyumbani, nikakiweka karibu na kibanda cha mlinzi, nikakaa. Asubuhi mpaka lango linafungwa. Vumbi la unga likanigeuza mzee wa mvi, redio ya mlinzi ikaniimbia nyimbo zilezile, na hakuna lori lililotoka. Wenzangu wakawa wanakunywa chai ng'ambo ya barabara na kunipungia mikono. Nilijiona jemadari. Mashine za kiwanda zilikuwa zinaunguruma kutwa kucha, nami nikijiambia, sageni tu, ghala likifurika mtaomba poo.

Sasa niseme juu ya mume wangu. Si mtu wa maneno. Kwenye kikao akiulizwa maoni anatazama dari. Kazi yake kumfuta Bibi kioo, kumkaza nati, kumsikiliza injini kama daktari. Ndugu zangu walimwita Bwana Kimya, na mimi, kusema kweli, nilikuwa wa kwanza kucheka. Nilikuwa namwona mwanamume wa kupangiwa tu, ukimwambia simama anasimama.

Jioni moja tunakula, akasema, "Wanabeba."

Nikamuuliza nani anabeba, kwa lango gani, wakati mimi ndiye niliyekaa langoni. Akasema kwa nyuma, kule kwenye mabanda ya pumba. Nikacheka. Lango lile nalijua tangu utotoni, limekula kutu, linafunguliwa wafugaji wa nguruwe wanapokuja kuchukua pumba. Nikamwambia kama anaogopa mgomo aseme anaogopa. Akaendelea kula. Baada ya siku chache akarudia neno lilelile, na mimi nikampa jibu ambalo hata mama mkwe akilisikia leo atanifukuza: nikamwambia woga wake asiutafutie mashahidi. Alimaliza chakula, akaenda kumfuta Bibi kioo.

Siku iliyofuata niko kwenye kiti changu, jua limepanda, nikasikia lango likifunguliwa kutoka ndani. Mlinzi hakunitazama. Lori likatokea polepole, limelala matairi kwa uzito. Taa moja ina makengeza. Turubai lina kiraka cha bluu, na kiraka kile nilikishona mimi kwa sindano ya magunia mpaka kidole kikavimba. Alikuwa Bibi. Hakupakwa tope kwenye namba, hakufunikwa chochote. Mume wangu akamleta mpaka miguuni pangu, akazima injini, akateremka.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, "Umeingilia wapi?"

"Nyuma. Wanakoingilia wote."

"Na huku umetokea kwa nini?"

"Nimekuambia mara mbili, ukasema natafuta mashahidi," akasema. "Nimekuletea shahidi."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningepata la kujibu. Nikageuka kumtazama mlinzi, naye ghafla akawa na kazi kubwa ya kutafuta stesheni kwenye redio yake. Hapo ndipo masikio yangu yalipozibuka. Mashine zilikuwa zinaunguruma tangu mgomo uanze. Kiwanda gani kinasaga kutwa kucha, unga hautoki, na ghala halijai? Mtoto mdogo angejiuliza. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti na filimbi shingoni kama goli­kipa anayelinda upande usio na mpira, na walionipungia mikono ng'ambo walikuwa wanahakikisha tu kwamba bado nipo.

Mwenyekiti alikwisha inuka mkahawani, anarekebisha tai huku anavuka barabara. Sikumpa nafasi. Nikapuliza filimbi mwenyewe, kwa mume wangu mwenyewe, kwa lori la baba yangu mwenyewe. Wakaja wote, wengine na vikombe mkononi.

Macho makavu ya Mwenyekiti yule sijapata kuyaona kwa mwingine. Alitoa hotuba. Alisema inamuuma, anamheshimu sana bwana huyu, lakini umoja ni umoja, na kwamba, haya ni maneno yake, "Sheria haina shemeji." Wenzake wakaitikia. Walikuwa wanamtazama mume wangu kwa huruma ya kinafiki, ile ya watu wanaoshukuru kwamba aliyekamatwa ni mwingine.

Mume wangu alitandika turubai chini, akapanda, akaanza kushusha. Nikapanda na mimi. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kutusaidia. Unga ukanijaa puani, mgongo ukalia, na yeye alikuwa ananichagulia upande mwepesi wa gunia bila kusema kitu. Nilikuwa nataka anitukane. Hakunitukana.

Gunia la mwisho lilipogusa chini, nikachukua kiti changu, nikakitia begani, nikaanza kuzunguka ukuta wa kiwanda. Nikamsikia Mwenyekiti nyuma yangu akiwaambia waniache, nimeaibika.

Lango la nyuma lilikuwa limepakwa grisi mpya kwenye bawaba. Mbele yake ardhi imechimbika kwa matairi, si matairi ya mikokoteni ya pumba. Malori matatu yalikuwa yamejipanga, yamejaa mpaka juu, yanangoja dalali yule mcheka hovyo afungue. La mbele lilikuwa limebandikwa magazeti mlangoni kuficha jina, gundi bado mbichi, na namba zimesilibwa tope. Kazi safi kabisa. Isipokuwa kwenye kioo cha ndani, juu ya usukani, ilikuwa inaning'inia tai. Nilisimama nikaicheka peke yangu. Mtu anajua kuficha namba, anajua kuficha jina, lakini fahari yake ameiacha inapunga upepo.

Nikaweka kiti mbele ya bampa lake, nikakaa, nikapuliza filimbi mpaka dalali akaziba masikio.

Wakaja mbio, wanadhani nimepatwa na jambo. Wawili, walipoona malori yao, walipunguza mwendo kama watu waliokumbuka wameacha jiko linawaka. Mwenyekiti alifika wa mwisho. Akatoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akaniita shemeji, akasema haya mambo yana utaratibu wake, tusiyazungumze juani, tuitishe kikao.

"Sheria haina shemeji," nikamwambia. "Vua tai, Mwenyekiti. Magunia yanakusubiri."

Akageuka kutafuta uso wa kumtetea, akakosa. Wale wasio na lori pale walikuwa wamekasirika kweli, na wale wenye lori walikuwa wanaomba wasahauliwe. Sauti yake ile kubwa ilikuwa imekwenda sijui wapi. Aliposhusha gunia la kwanza mguu ulimtetereka, gunia likapasuka, unga ukamvika kichwa mpaka kola. Kusema nilimhurumia nitakuwa mwongo.

Wakati anapakua, nikasikia injini ninayoijua. Mume wangu alikuwa amezunguka na Bibi mtupu. Malori yale yalipokwisha kurudi nyuma, akamwegesha Bibi kwa ubavu, kaziba lango lote la pumba, akazima, akateremka na kunipa ufunguo. Kisha akakaa chini kivulini, karibu na tairi. Mimi nikakibeba kiti nikampelekea. Alikitazama kama vile anauliza cha nini.

"Kaa wewe," nikasema. "Mimi sioni vizuri."

Akakaa. Nami nikarudi lango la mbele, nikakalia tofali.

Haikupita wiki, mashine zikanyamaza. Kimya kile sitakisahau, mlinzi mwenyewe alizima redio akashangaa. Meneja akatoka nje kwa miguu yake, bila dalali, jasho likimtoka kama watu wengine. Alianza wimbo wake wa soko lisilotabirika. Wenzangu wakanisukuma mbele nizungumze, na Mwenyekiti, tai mpya shingoni, akajipenyeza ubavuni kwangu eti awe kwenye ujumbe. Nikamwambia apange foleni nyuma ya wafugaji wa nguruwe. Kisha nikamwita mume wangu. Aliangalia juu, kwa mazoea, ingawa pale hapakuwa na dari. Akataja bei yetu, akanyamaza. Meneja akasubiri aongeze neno ili wabishane, hakuongeza. Walitazamana mpaka meneja akachoka, akasema sawa.

Bibi yupo, hajauzwa, taa yake bado ina makengeza. Mwenyekiti naye bado ni mwenyekiti, maana watu wetu wanapenda sauti. Na mimi siku hizi tukiwa tunakula jioni, mume wangu akikohoa tu kama anayetaka kusema, naweka kijiko chini.