Mitungi ya Ruthu

Tangu Sikudhani ahamie Haneti kutoka Busi, jirani yake alikuwa Ruthu, mpika pombe. Sikudhani alikuwa Mwislamu wa swala tano, lakini hakuwahi kumsema Ruthu vibaya. Walevi wakiimba nje ya ua alifunga dirisha. Kulipokucha yeye na Ruthu waliombana chumvi na moto. Kila mtu atazikwa kwenye kaburi lake, alikuwa akisema.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Ruthu aliutumia mtama wote uliobakia kupika pombe, auze apate mahindi ya kuwalisha wanawe. Mumewe, Abeli, alikuwa amewapeleka ng'ombe mbali, akitafuta malisho. Asubuhi ya kuchuja, Sikudhani alimkuta Ruthu ameanguka kando ya mitungi, khanga imelowa damu. Mimba ilikuwa inatoka.

Akaita bodaboda, akamshikilia njia nzima hadi zahanati. Pale kitandani Ruthu akamkamata mkono.

"Dada, rudi ukanichujie. Isipochujwa leo itachacha, na sina kingine. Sikuombi unywe."

"Wanao nitawalisha, nguo zako nitafua. Pombe siwezi, mdogo wangu."

"Basi nitafutie Anitha."

Anitha naye alikuwa mpika pombe. Sikudhani alikwenda kwake mbio, huku akijiuliza kumwagiza mwingine kuna tofauti gani na kuchuja mwenyewe. Akakuta mlango una kufuli. Alihisi nafuu, kisha nafuu ile ikamtia aibu hata akakaa kizingitini akalia.

Aliporudi uani kwa Ruthu, watoto walikuwa bado hawajala. Akalishika chujio. Njaa aliijua. Alijua pia kwamba akichuja, hatasimama tena kwenye mswala bila kujiona mwongo. Akaliweka chini, akawachukua watoto kwake. Wateja walikuja, wakaondoka.

Ruthu alitoka zahanati akakuta pombe imekuwa siki. Akaimwaga mwenyewe, mtungi baada ya mtungi, huku amejishika kiuno, akakataa kusaidiwa. Sikudhani akagawa unga wa nyumbani kwake nusu kwa nusu, akijua hautawafikisha mavuno, akampelekea.

Ruthu akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru kwa adabu kama anavyoshukuriwa mgeni, akaingia ndani. Sikudhani akasimama mlangoni kidogo, akingoja kukaribishwa. Hakukaribishwa.