Mtoto wa Miaka Sita Gazetini

Kila alfajiri ndoto ilikuwa ile ile: mwanamke asiye na uso amesimama ng'ambo ya shamba la mpunga, anaita. Tamari huamka kabla jina halijamfikia. Hilo la Tamari alipewa na aliyemnunua. La nyumbani lilipotea mnadani, pamoja na mama.

Ndiyo maana Jumapili hakosi kanisani, hata nguo za watu za kufua zikirundikana. Pale Savannah, mji wa jimbo la Georgia, Marekani, tangu uhuru wa watumwa uingie, Mchungaji Gadsden hafungi ibada bila kuwasomea gazeti la kanisa lao. Weusi wenzao walilianzisha kule Filadelfia siku ambazo huku, mtumwa kushikwa na kitabu tu, mijeledi. Mahubiri watu husinzia, tusidanganyane. Yakifika matangazo ya waliopotezana, hata vichanga hunyamaza.

Jumapili hiyo akasoma: "Mimi Hesta, muumini wa Filadelfia, namtafuta binti yangu aliyeuzwa Georgia. Ana miaka sita. Ana kovu la pasi kiwikoni, na akiona jogoo hukimbia akilia."

Akavua miwani, kama kawaida yake, kabla hajamaliza. "Haya, wasichana wadogo simameni. Kina mama, tazameni viwiko."

Tamari naye akapekua vile vikono, roho ikimuuma kwa ajili ya huyo Hesta. Hakuna kovu.

"Anayekimbia jogoo hapa ni Dada Tamari peke yake!" shemasi Kato akachokoza. "Juzi kanitupia kapu la nguo, kaparamia ua!"

Kanisa zima likacheka. "Nyamaza, Mzee Kato, jogoo wako ana pepo!" Tamari akajibu, naye anacheka. Mara kicheko kikamkauka. Taratibu, kama aliye usingizini bado, akapandisha mkono wa gauni.

Kovu lilikuwepo, limetanuka pamoja na mkono.

"Mchungaji," akauliza, "jina la mtoto?"

Mchungaji akarudisha miwani kwa haraka, akasoma mstari uliobaki: "Tulimwita Bina."

Loo, mtoto hakui machoni pa mama! Zaidi ya miaka ishirini imepita, na Hesta bado anamtafuta wa miaka sita. Mpunga wa ile ndoto ukajaa kanisani, mchana kweupe, na mwanamke wa ng'ambo akageuka, ana uso.

Mtu mzima yule, mama wa watoto wawili, akapiga magoti mbele ya watu wote.

"Abee, mama," akaitika.