Saa Nane Juu ya Mwamba

Miaka tisa Hafswa alikokota chumvi Gongoni. Maji makali yalimwingia ndani ya gambuti mpaka nyayo zikapasuka, na usiku alilala miguu ikiwa nje ya shuka kwa kuwashwa. Daktari alimwambia aiache kazi ile. Aiache ale nini? Hilo daktari hakulisema, na madaktari ndizo zao! Basi aliposikia kwamba skuli moja ya Kilifi, ya kufundisha watu kupanda mawimbi kwa ubao, inatafuta mwanamke wa kuwafundisha wanawake wenziwe, alikwenda mbio kama aliyeitiwa mirathi. Nafasi ilikuwa moja tu. Alijifunza miezi minne, kila siku yake ya mapumziko, akameza maji ya bahari hata tumbo likazoea. Sasa mtihani ulikuwa umefika. Akifaulu, chumvi kwaheri. Akifeli, Jumatatu alfajiri yuko pale pale, na safari hii msimamizi alishamwambia hataki tena kusikia habari za ruhusa.

Mtihani wenyewe ulikuwa wa siku mbili, Alhamisi Malindi kwenye wimbi la mchanga, na Jumamosi Kilifi kwenye wimbi la mwamba. Kila anayetahiniwa aje na mwanafunzi wake, mtu asiyejua ubao kabisa, na safari yote aipange mwenyewe kwenye karatasi: wataingilia wapi, saa ngapi, upepo utakuwaje, maji yatafika wapi. Mwalimu Oliver, kijana wa Kilifi mwenye sauti ya upole na moyo wa hakimu, aliwaambia wazi. "Mgeni atapanga siku yake kwa neno lako. Ukiniandikia saa, ni hiyo. Ukija kuibadilisha mbele ya maji, umejifelisha mwenyewe."

Na huyo mwanafunzi atoke wapi? Dada zake Hafswa walimcheka mpaka wakashika mbavu. Aliyekubali ni Kahaso, mwenziwe wa machumvini, Mgiriama mwenye watoto watatu na mdomo usiokuwa na breki.

"Shoga, mimi nitapanda hata papa ukinishikia mkia," alisema Kahaso. "Toka kule machumvini, mwaya. Akitoka mmoja, na wa pili atapata pa kushika."

Alhamisi Malindi mambo yalikuwa mazuri ajabu. Upepo wa kusi ulikuwa umeichafua bahari, maji yamekuwa rangi ya chai kwa udongo wa mto Sabaki, na mawimbi yalikuja ovyo ovyo, moja kutoka huku na jingine kutoka kule. Hafswa hakumpeleka Kahaso mbali. Alimlaza kifudifudi kwenye ubao pale ambapo wimbi limeshavunjika na kubaki povu, akamsukuma, povu likambeba hadi ufuoni akipiga kelele kama mtoto kwenye bembea. Mara ya sita akapiga magoti. Mara ya kumi akasimama, kiuno kimepinda, makalio nje, lakini amesimama!

"Ukiona unaanguka, ruka tu," Hafswa alimwambia. "Tua kwa miguu. Chini ni mchanga."

Kahaso akaruka na kutua kwa miguu siku nzima. Oliver aliandika alama na kutikisa kichwa kwa kuridhika. "Karatasi ya Kilifi naitaka leo jioni," alisema.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, ingawa Hafswa hakujua. Alirudi nyumbani kwa shangazi yake, Bi Hindu, akamkuta anachambua mchele.

"Shikamoo shangazi. Jumamosi itakuwa mwezi ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Mwezi tatu."

Katika nyumba ile hesabu ya siku za mwezi mwandamo ilikuwa ya Bi Hindu. Kila mwezi alifunga zile siku tatu nyeupe za katikati, kumi na tatu, kumi na nne na kumi na tano, na hakuwahi kukosea tangu alipokuwa mwari. Mumewe marehemu alikuwa mvuvi, na maji yote ya pwani ile aliyahesabu kwa mwezi wa mkewe. Mwezi tatu ni bamvua, maji makubwa. Asubuhi maji hupwa mbali mpaka mwamba ukabaki uchi, halafu hugeuka, na kufikia saa nane mchana mwamba umeshafunikwa mpaka kiunoni. Kiunoni ndipo mwanafunzi anapostahili.

Lakini simu ya Hafswa ilisema vingine. Ilionyesha maji yangechelewa kujaa kwa karibu saa nzima. Hafswa akamwonyesha shangazi yake. Lo! Bora angemwonyesha nyoka.

"Simu hiyo imeuona mwezi kwa jicho gani?" Bi Hindu aliweka ungo chini. "Ndiyo hesabu ya hao majirani zetu, wanaoandama mwezi kwa redio! Sisi tulitoka wote nje jioni, hatukuona kitu, tukatimiza siku thelathini kama tulivyofunzwa. Mwezi hauandami mpaka uonwe."

"Kulikuwa na mawingu, shangazi."

"Mawingu ni ya Mungu. Wewe utamfuata nani, mimi au hicho kidude?"

Hafswa alijisemea kwamba labda simu inahesabu maji ya Mombasa, na Mombasa ni mbali. Ukweli ni kwamba aliona haya kumbishia mwanamke aliyemlea. Akaandika saa nane, akaituma karatasi.

Jumamosi walifika Kilifi saa nane kasoro robo. Hafswa alitupa jicho baharini. Pale alipoandika kwamba maji yatafika kiunoni, wanawake watatu walikuwa bado wanawinda pweza, wakichokoachokoa mashimo kwa vijiti, na maji hayajawafika hata magotini.

Akamkimbilia wa karibu. "Dada, leo kwenu mwezi ngapi?"

"Nne," alisema yule mwanamke, akimpiga pweza juu ya jiwe. "Wenzetu wengine wanasema tatu. Lakini maji ni ya nne, si unayaona?"

Wallahi Hafswa alitaka kulia. Mwezi ulikuwa umeandama nyuma ya mawingu bila kumngoja Bi Hindu autazame, na bahari ikaenda nao. Siku moja nzima, na kila siku maji huchelewa karibu saa! Wangesubiri saa moja tu, mwamba ungefunikwa vizuri. Saa moja. Lakini kusubiri ni kubadilisha saa, na kubadilisha saa ni kufeli. Akilini aliziona gambuti zake kule nyumbani kibarazani, alikoziacha mdomo wazi.

Oliver alikuja na karatasi mkononi. Aliyatazama maji, kisha akamtazama yeye. "Hafswa, una hakika na maji haya?"

Alipewa mlango pale, maskini, alipewa kabisa. Angesema tu, "Mwalimu, nimekosea."

"Nina hakika," alisema.

Mfa maji haachi kutapatapa. Alimshika Kahaso mkono wakaingia, wakipita kwenye mfereji wa mchanga hadi ulipo ukingo wa mwamba. Wimbi la huku halikuwa lile povu la Malindi. Maji yalikuwa safi, unaona mpaka chini, na wimbi lilikuja limelala, likafika kwenye mwamba likainuka ghafla na kupasuka kwa kishindo. Huku mtu haruki. Huku mtu akianguka hujitandaza bapa juu ya maji, mgongo au tumbo, na miguu haiweki chini abadani. Hafswa alilijua hilo vizuri, ndilo somo la kwanza la mwamba. Lakini kumwambia Kahaso maneno hayo, na Oliver amesimama hatua kumi tu akisikia, ilikuwa ni kukiri kwamba maji ni machache. Akanyamaza. Mungu amsamehe, alinyamaza.

"Lala. Tayari. Haya, piga makasia!"

Kahaso alipiga maji kwa mikono miwili, wimbi likamwinua, naye akasimama. Alisimama vizuri kuliko Malindi, mikono wazi, meno yote nje. "Hafswa, niangalie!" Ubao ukayumba. Akafanya kama alivyofundishwa. Akaruka, akatua kwa miguu.

Yowe lake liliwafanya wale wawinda pweza wageuke. Hafswa alimfikia na kumbeba mgongoni, damu ikitiririka nyuma yao. Walipomlaza mchangani, wayo ulikuwa umefunguka toka kisigino hadi karibu na vidole. Oliver aliukaza kwa kitambaa, uso umemkauka.

"Kahaso, nijibu kweli," alisema. "Alikuambia maji ni mafupi? Alikuambia usiruke?"

Kahaso alimtazama Hafswa. Akauma midomo. "Aliniambia. Mara mbili, njiani. Mimi ndiye niliyekaidi, kichwa changu kigumu."

Oliver alivuta pumzi. "Basi ni ajali. Wanafunzi wakaidi wapo. Wimbi alilipanda, na saa ilikuwa ile ile uliyoandika." Akatoa kalamu. "Hafswa, nafasi ni yako. Jumatatu saa moja asubuhi."

Jumatatu! Neno lile alilokuwa akilitafuta miezi minne. Hafswa alifungua mdomo ashukuru, akaona kitambaa kimeshalowa na damu imeanza kudondoka mchangani.

"Mwongo huyu," alisema. "Sikumwambia kitu, mwalimu. Niliona maji hayatoshi, nikanyamaza. Ningemwambia ungesikia."

Oliver akakata mstari kwenye karatasi, akaenda kutafuta gari la kuwapeleka hospitali.

Hafswa alidhani Kahaso angemkumbatia. Kahaso alimsukuma kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, machozi yakimwagika ambayo hata jeraha halikuyatoa.

"Mjinga wewe! Nani amekuomba ukweli? Mguu huu nitauingizaje kwenye chumvi Jumatatu? Nilikwishautoa sadaka, Hafswa, nilikwishautoa ili mmoja wetu atoke kule! Sasa tunarudi wote wawili, na miguu mitatu."